Aliyeshika Kamba

Ng'ombe wao walimwita Mama Mkwe, kwa sababu alikuwa mnunaji, na ukimkamua bila kumsemesha alipiga teke ndoo kwa makusudi. Kwa hiyo asubuhi ile alipokataa majani, mke wa fundi baiskeli alidhani ni kununa kwake kwa siku zote. Akamsemesha, akamkuna nyuma ya sikio. Mama Mkwe hakugeuka. Alisimama shingo ameinyoosha mbele, mdomo wazi kidogo, mate yakimtoka nyuzi nyuzi mpaka kwenye hori. Kila alipojaribu kulia, sauti ilitoka imekwaruza kama mlango wenye bawaba kavu.

"Amekabwa huyu," mke akasema, akaenda kumwita mumewe.

Mumewe alitengeneza baiskeli kwenye kibanda cha bati mbele ya nyumba, lakini mtaa mzima ulimjua kwa jina la Fundi Koo. Ng'ombe wa mtu akikabwa na gunzi au kiazi, huitwa yeye. Huvua shati, akajipaka mafuta mkono mzima mpaka kwapani, akauvuta ulimi wa mnyama pembeni ili asiweze kufunga taya, kisha akaingiza mkono polepole, akimsemesha kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. Na kitu hutoka. Watu hupiga makofi, naye hujifanya hajasikia, lakini mkewe alijua jinsi mabega yake yalivyokuwa yakipanda.

Siku hiyo alikuwepo na mdogo wake, fundi wa kupiga plasta, waliyemwita Porojo. Alikuwa mgane. Tangu afiwe na mkewe alikuwa akipitia kwa kaka yake kunywa chai kabla ya kwenda kazini, kwa maana, alisema, chai ya mtu mmoja haichemki vizuri. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwa saruji kama udongo wa kiangazi.

Kazi ya mke ilikuwa moja siku zote: kushika kamba ya kichwani. Aliizungusha kwenye nguzo nje ya mlango wa banda, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote.

"Vuta, mama watoto! Usimwachie atikise kichwa!"

"Nimevuta! Wewe fanya lako."

Fundi Koo alipapasa huku, akapapasa kule. Akatoa mkono umelowa ute mpaka kiwikoni. "Hakuna kitu," akasema, kama mtu anayekiri aibu.

"Mkono wako umenenepa kwa mapishi ya shemeji," Porojo akamwambia. "Pisha wembamba tupite. Mama Mkwe, unisamehe, kumwingiza mkwe mkono kinywani si adabu, lakini ni kwa faida yako."

Mke alicheka mpaka kamba ikataka kumponyoka. Porojo naye hakupata kitu. Wakajifuta mikono kwa gunia, wakaenda kunywa chai.

Kesho yake Mama Mkwe alikuwa akiyumba miguu ya nyuma na kugonga ukuta kwa kichwa. Akaitwa daktari wa mifugo, mwanamke mwenye viatu vya mpira na sauti ya chini. Alifika mlangoni mwa banda, akasimama. Hakuingia. Alitazama yale mate kwa muda, kisha akauliza jambo ambalo hawakulitegemea.

"Kuna mbwa amewahi kuingia humu?"

Mke akakumbuka. Wiki kadhaa nyuma mbwa mmoja wa kahawia, asiye na mwenyewe, alipenya kwenye tundu la ua, naye akamfukuza kwa ufagio. Baadaye aliona mchubuko puani mwa Mama Mkwe. Akadhani ni waya wa ua. Akauosha kwa maji ya chumvi, akausahau.

Aliposimulia hayo, daktari akashusha pumzi. "Ni kichaa cha mbwa."

"Cha mbwa, na huyu ni ng'ombe?" Fundi Koo akauliza.

"Mbwa humpa ng'ombe, na ng'ombe humpa mtu. Kimo kwenye mate. Nani ameingiza mkono?"

Ndugu wawili wakatazamana. Porojo, aliyekuwa amepitia chai, akauficha wake mgongoni kama mtoto aliyeiba sukari.

"Hamkukosea kwa ubaya," daktari akasema. "Ng'ombe mwenye ugonjwa huu hawezi kumeza, kwa hiyo kila mfugaji hudhani amekabwa. Sasa osheni mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, msugue kwa muda mrefu, kisha mwende hospitali leo hii. Sindano inazuia. Ugonjwa ukishaanza mwilini, hakuna daktari wala mganga. Maziwa yamwageni, na huyu akifa msimchune, azikwe."

Alipoondoka kwenda kuwaita wenzake, Fundi Koo aliosha mikono haraka haraka, akakaa kibandani kwake, akapindua baiskeli ya mteja magurudumu juu.

"Hajaniuma," akasema. "Ng'ombe hana hata meno ya juu ya mbele. Miaka yote hii naingiza mkono, leo ndiyo niambiwe mkono wangu una sumu?"

"Vidole vyako vimechubuka kwa minyororo, baba watoto. Vitazame."

"Vidole vya fundi huwa vimechubuka."

"Na zile sindano hupigwa kitovuni," Porojo akadakia. "Mimi kitovu changu ninacho kimoja tu. Nikianza kubweka, shemeji, nifungeni getini, mtapata mlinzi asiyedai mshahara."

Safari hii mke hakucheka. Alimtazama mumewe akizungusha gurudumu ambalo halikuwa na tatizo lolote, akajua kwamba mtu huyu ukimsukuma atakita miguu kama punda kwenye daraja. Alikuwa ameishi naye muda mrefu. Kwa ajili yake mwenyewe hatoki hapo alipokaa.

"Basi nisindikize mimi," akasema.

"Wewe una nini?"

"Nilimshika ulimi jana, mlipokwenda kuchukua gunia. Nilitaka kutazama mwenyewe. Na kidole hiki nimejikata na kisu." Akamwonyesha kidole chenye jeraha jipya la kumenya viazi.

Gurudumu likasimama. Fundi Koo alimtazama usoni, kisha kidole, kisha usoni tena. Akainuka, akavaa shati.

"Twende."

"Shemeji nawe njoo," mke akamwambia Porojo.

"Nina ukuta mbichi unanisubiri, plasta ikikauka vibaya nani ataubomoa? Tangulieni. Mimi kesho."

Hospitalini walikaa kwenye benchi la mbao lililong'arishwa na makalio ya watu. Alipoingia chumbani peke yake, mke hakuweza kumdanganya muuguzi. Alimwambia kwa sauti ya kunong'ona: ulimi hakuushika, alishika kamba tu.

"Kamba ilikuwa na mate?"

"Ilikuwa imelowa."

"Na kidole hicho?"

"Kilikuwa kibichi bado."

"Basi ukweli wako unatosha, mama. Leta mkono." Hakuchoma kitovuni. Alichoma begani, na mumewe naye alipochomwa alitoka akijisugua na kulalamika kwa furaha, kama mtu aliyenyang'anywa hoja. Wakarudi kila tarehe waliyopangiwa, mpaka wakamaliza.

Porojo, kila alipoulizwa, alisema amekwenda. Alikunja mkono wa shati na kuonyesha kidoti begani. "Muuguzi mwenyewe mrembo, shemeji, nilitaka anichome na lingine." Mke alikitazama kile kidoti. Kilionekana kama tone la saruji lililokauka, lakini watu wazima hawavuliwi shati wakakaguliwa. Akammiminia chai.

Maua ya maboga yalikuwa yameshageuka matunda pale kiganja cha Porojo kilipoanza kumwasha. Kwanza aliisingizia saruji. Kisha hakulala. Kisha asubuhi moja akaja kunywa chai kama kawaida, akainua kikombe, na koo likamkaza kabla chai haijamgusa mdomo. Kikombe kikaanguka. Akawatazama wote wawili, akajaribu kutabasamu.

"Kaka," akasema, sauti imekwaruza, "hebu ingiza mkono uone nimekabwa na nini."

Fundi Koo alimpeleka hospitali amemshika kiuno. Walimpa chumba chenye mwanga hafifu na dawa za kumtuliza, kwa sababu nyingine hazikuwepo tena. Hakurudi.

Baada ya mazishi, watu walipopungua, mwanamume mmoja wa mtaa wa pili alikuja mbio. Ng'ombe wake anatoka mate, hamezi, Fundi aje upesi. Kwa mazoea Fundi Koo akaanza kukunja mkono wa shati. Akasita. Akaukunjua, akaufunga kifungo.

"Usimguse," akasema. "Mwite daktari wa mifugo. Na yeyote aliyeingiza mkono, mpeleke hospitali leo, hata kwa kumburura."

Yule mtu alipotoka, Fundi Koo alikaa kando ya mkewe aliyekuwa akichambua mchele.

"Siku ile ulishika kamba tu," akasema. "Gunia lilikuwa hapo hapo miguuni pangu. Hakuna aliyekwenda kulichukua."

Mkono wa mke ukasimama ndani ya ungo. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu kibandani."

"Na ukaja."

"Mtu akiacha kazi zake akakutungia uongo wa namna hiyo, utakaaje?" Akaokota punje iliyoangukia chini, akairudisha kwenye ungo. "Mdogo wangu hakuwa na wa kumdanganya."

Mke akarudi kuchambua. Alikuwa akikiona kile kidoti begani mwa Porojo, kidogo, cha kijivu, ambacho ukucha mmoja ungetosha kukibandua.

Jioni alifunga kipande cha sabuni kwa uzi, akakitundika kwenye mlango wa banda tupu, karibu na nguzo ya kamba.