Nusu Iliyochukuliwa na Upepo

"Barabara zote za kusini nazijua," mpishi aliwaambia wasafiri, huku akikaza kamba ya sanduku lake kwenye sakafu ya lori. Akacheka. "Ila nazijua kwa kisogo. Kiti changu kinatazama tunakotoka."

Lori lilikuwa refu, limefungwa viti na turubai, na watu waliolipanda walikuwa hawajuani hata kwa sura. Sasa, baada ya nchi kadhaa za mchanga na mipaka ya kupangia foleni juani, walikuwa wakigombana kama watoto wa tumbo moja. Wote walikuwa wanakwenda kwenye tamasha la muziki, na leo wangefika. Kila mmoja alikwisha kuitundika nguo yake ya kuchezea juu ya kichwa chake. Lori likiingia shimoni, nguo zote ziliyumba pamoja, zimewatangulia wenyewe kucheza.

Mpishi naye alikuwa na yake, gauni la kijani, amelikunja chini ya gunia la vitunguu.

Walimwita Mama Mwiko. Kila mwaka alikuja na lori hili mpaka kwenye tamasha hili, na hajawahi kuliona. Alilisikia tu. Dereva, waliyemwita Kapteni, aliegesha kwenye uwanja wa malori nyuma ya kilima, wasafiri wakajipulizia manukato wakaenda zao, na Mama Mwiko akabaki na moto wake. Upepo ukipenda ulimletea wimbo, ukinuna ulimnyima. Kulikuwa na mwimbaji mkongwe ambaye watu walimwita Shangazi. Nyimbo zake Mama Mwiko alikuwa nazo nusunusu: ubeti wa kwanza anao, kiitikio kimepeperuka. Palipopungua alijaza mwenyewe huku akimenya viazi, na maneno aliyoyajaza, tuseme ukweli, hayakuwa ya kuimbwa mbele ya wakwe.

Mwaka huu Shangazi alitangaza kwamba anaaga jukwaa. Angeimba jioni hii, kisha basi. Asiyemsikia leo hatamsikia tena.

Ndiyo sababu ya sanduku. Asubuhi, kabla ya kuvunja kambi, Mama Mwiko alichemsha maharage mpaka yakatokota sawasawa, akaifunika sufuria, akaizika ndani ya sanduku la mbao lililoshindiliwa majani makavu. Akaiviringishia mablanketi, akakaza mfuniko. Moto hakuna, wa kuchochea hakuna. Joto lililofungiwa humo lingemaliza kazi polepole, lori likienda. Bibi yake alipika hivyo siku za kuvuna, mikono yote ikihitajika shambani.

Kinyozi mmoja, aliyejifanya msemaji wa wasafiri wote, hakuamini. Alilipapasa sanduku, akalitegea sikio, akatangaza kwamba leo watatafuna kokoto, na yeye meno aliyobaki nayo anayapenda.

"Wewe watu wanakuachia shingo zao na wembe mkononi, baba," Mama Mwiko akamjibu. "Mimi niachie maharage."

Walifika jua likiwa bado juu. Kapteni alishuka, akajinyoosha, akauliza moto unawashwa wapi na mbona mpishi hajaanza. Mama Mwiko alilivuta sanduku mbele yake. Alifungua kamba na mfuniko wa sanduku, akafunua blanketi moja, akafunua la pili, akainua kifuniko cha sufuria. Mvuke ukampanda usoni. Akatoa harage moja, akalibana kwa vidole viwili, likapondeka laini. La pili akampa kinyozi. Kinyozi akatafuna, akatafakari, akanyoosha mkono kuomba jingine.

"Haya, yameiva," Kapteni akakubali. "Lakini pale mlangoni hawapokei wafanyakazi wa malori, dada. Ingekuwa wanapokea, si ningekuwa nimeshaingia? Miaka yote hii nalala humu kwenye kichwa cha lori, nimejifunika mto usoni nipate usingizi."

"Hujaingia hata siku moja?"

"Hata kuchungulia."

Mama Mwiko akamtazama. Akamwambia kwamba hao wa mlangoni wamfukuze wao wenyewe kwa mdomo wao. Wakimrudisha atarudi, miguu ni yake. Kapteni akamtajia msongamano, akamtajia vumbi, akamtajia wezi. Mwishowe akasema basi yeye atalinda lori, ingawa uwanja ulikuwa na walinzi wake. Mama Mwiko akajifungia nyuma ya turubai na gauni lake. Alipotoka, kinyozi alinusa hewa, akafungua mdomo.

"Ni manukato ya vitunguu," mpishi akamwahi. "Hayauzwi popote."

Mlangoni alisimama mwanamke mpana, mkono juu ya kamba. Alikagua mikanda ya kuingilia mikononi mwa wasafiri, mmoja mmoja, akafika kwa Mama Mwiko, akamuuliza yeye ni nani. Mama Mwiko alikwisha kuwaza uongo mzuri wa aina tatu njiani. Akaona mikono yake imejaa makovu ya moto, akaona uongo hauna maana.

"Mpishi wa lori," alisema.

Mwanamke akainua kamba. Alimwambia kwamba wapishi na madereva huingia hapahapa kila mwaka, sasa yeye alikuwa wapi? Mama Mwiko akapita, moyo ukimwenda mbio kwa furaha, na pia akamwonea huruma Kapteni. Maskini, amejifunika mto bure miaka yote, kwa kukosa kuuliza tu. Akirudi atamweleza.

Ndani alipenya jinsi anavyopenya sokoni, kiwiko kwanza, samahani baadaye, mpaka mbele kabisa. Shangazi akatoka. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Akaketi kwenye kiti kama anayetaka kuchagua mchele, akaimba. Ubeti wa kwanza ulikuwa uleule. Kisha kikaja kiitikio, kizima, hakuna kilima katikati, na kumbe ule wimbo ambao Mama Mwiko aliutia maneno ya wanaume na vitanda vyao ulikuwa wa kumbembeleza mtoto. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Wimbo uliofuata ulikuwa wa kuchezwa. Upande wa kushoto watu walifungua duara wakashangilia, na Mama Mwiko, ambaye miguu ilikwisha kumwasha, akaenda kuona. Katikati alikuwepo mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likasimama, magoti ameyakunja, kiuno kinazunguka, na nyuma yake safu ya vijana ikimfuatisha kila hatua. Akageuka. Alikuwa Kapteni.

Alipomwona Mama Mwiko, akasimama palepale. Akatoa leso, akajifuta.

"Ndiyo kwanza naingia," alisema. "Nimekuja kukutafuta, dada, ndipo hawa watu wakani—"

Binti mmoja wa safu ya mbele akamvuta shati.

"Mwalimu, usituache njiani. Ile ya mwaka juzi, tulianza na mguu gani?"

Kapteni akatazama jukwaa. Akatazama mawingu. Mama Mwiko akakunja mikono kifuani, hana haraka. Ngoma zikageuza mdundo, na mguu wa kushoto wa Kapteni ukatoka wenyewe.