Saa Sita ya Sabato

Damaris alikuwa amechoka ile kuchoka ambayo hata kuketi ni kazi. Tangu asubuhi alikuwa shambani akichuma majani chai, na sasa, Ijumaa alasiri, chakula cha Sabato kilikuwa kinamngoja akipike kabla jua halijazama. Na mumewe Joash, mzee wa kanisa pale Ikonge, ndiyo kwanza amemleta fundi sebuleni.

Fundi aliitwa Calvince, Mjaluo mwenye duka la simu Keroka. Alifungua kompyuta, akaingia kwenye mipangilio ya ruta ya mtandao, ile ya ndani ambayo watu wengi hawaigusi.

"Shida ni nini hasa, mzee?"

"Niliipangia ifunge mtandao Ijumaa saa kumi na mbili jioni, Sabato ikiingia, ifungue kesho yake saa hiyo hiyo. Lakini inafunga mchana. Leo hata habari za kiwanda cha chai sijasoma."

Calvince akajizuia kucheka. "Mzee, umeandika kumi na mbili. Hii mashine haijui saa yetu. Kwake kumi na mbili ni saa sita mchana. Jioni ungeandika kumi na nane."

Damaris alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Kumbe ndiyo maana. Kila Sabato, Joash akirudi kanisani kwa kipindi cha mchana, yeye husingizia kichwa abaki nyumbani, maana mtandao hurudi saa sita. Baadaye kidogo Bitutu, binti yao, hutoka zamu ya usiku kwenye ghala moja huko Minnesota, na ndipo huongea. Siku nyingine za wiki hawapatani kwa simu kabisa, huyu akiwa macho yule amelala. Joash naye hajaongea na Bitutu tangu asikie anafanya kazi Sabato. Mtu mzima na akili zake, amemnunia mtoto wa kumzaa kwa sababu ya maboksi.

"Nirekebishe zote mbili?" Calvince aliuliza. "Ya kufunga na ya kufungua?"

"Zote," Joash alisema.

"Ya kufungua acha," Damaris alisema.

Joash akageuka. Hakuwa amezoea kukatizwa mbele ya mgeni.

"Ndiyo saa ninayoongea na mtoto, Baba Bitutu. Ukiifunga, umeninyima mtoto wangu. Nguvu ya kujificha imeniisha, na ya kubishana sina."

Calvince aliinamia kompyuta yake kana kwamba hayupo. Joash alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Huwa ananiulizia?"

"Kila Sabato."

Mzee akaivaa miwani. Kisha akamwambia fundi, "Rekebisha ya Ijumaa peke yake."

Damaris alirudi jikoni, akajitupa kwenye kigoda. Maharagwe yalikuwa bado magumu. Sauti ya Joash ikamfikia kutoka sebuleni, ya chini, karibu ya aibu.

"Mama Bitutu, kesho mchana sirudi kanisani. Nitakaa na wewe hapo."

Damaris alichochea moto. Bitutu hakuwa amemuulizia baba yake hata siku moja.