Mistari Miwili Laini

Kazini walimwita Mama Mtikisiko, na jina hilo alilipenda kuliko cheo chake. Kazi yake ilikuwa kupima barabara mpya kabla hazijapokelewa, aseme kama zimelala sawasawa au zinarusha watu kama bisi kwenye sufuria. Mbele ya gari lake kulifungwa boriti ya chuma yenye macho mawili ya leza, moja kushoto na moja kulia, yakitazama chini palepale magurudumu yanapokanyaga. Unaendesha kwa mwendo mmoja bila kuyumba, macho yanasoma kila kibonde na kila kinundu, na kompyuta iliyo kando ya kiti inatoa namba. Chini ya mbili, barabara imepita. Zaidi ya hapo, mkandarasi arudi kazini.

Barabara ya hospitali ilipata nne kasorobo. Nne kasorobo, barabara mpya! Mama Mtikisiko alishuka garini akautazama upuuzi ule, lami iliyomwagwa kwa pupa na kushindiliwa ikiwa imeshapoa, akatema mate pembeni, na yeye si mtu wa kutematema mate. Kilomita hizo tatu ndizo mama yake mzazi alizopita mara mbili kwa wiki kwenda kliniki, tangu alipoteleza bafuni akavunjika mfupa wa mgongo, akapasuliwa. "Irudiwe," aliandika. Msimamizi wa ujenzi alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, lakini hilo halikumnyima usingizi.

Shemeji huyo mafundi walimwita Sukari, kwa sababu ya ulimi wake. Wala hakununa. Jumapili iliyofuata alikuja kula kwa mama mkwe, meno yote nje, akaanza kumvika Mama Mtikisiko kilemba cha ukoka mbele ya familia nzima.

"Shemeji, wewe kiboko. Ile mashine nani mwingine anaiweza? Hebu tufundishe na sisi wajinga, inaonaje onaje?"

Naye, mjinga halisi wa siku ile, akafundisha. Alichukua vijiko viwili akavipanga mezani, kimoja huku, kingine kule. Haya ndiyo macho, alisema. Gari linapita njia ileile kila mara, tairi ya kushoto mita moja kutoka mstari mweupe wa pembeni, ndivyo utaratibu unavyotaka. Katikati hatupimi, kwani nani anakanyaga katikati? Sukari alisikiliza kwa adabu kama mtoto anayekaa dawati la mbele. Mama mkwe akamwongezea mchuzi.

Wiki tatu baadaye barabara ilikuwa nyeusi tii, mwanzo hadi mwisho. Macho yakasoma moja nukta sita. Mama Mtikisiko alifurahi hata akampigia mama yake simu palepale, injini ikiwa bado inanguruma.

"Mama, barabara imepita! Sasa utakwenda kliniki kama umelala kitandani."

"Una hakika, mwanangu?"

"Mashine haisemi uongo, mama."

Ripoti ilipangwa kusainiwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Jumatano ya wiki hiyo jirani aliyezoea kumsindikiza mama akapata udhuru, na Mama Mtikisiko akaomba ruhusa ampeleke mwenyewe. Gari la ofisi halibebi ndugu, na kwenye teksi mama hakuweza kujikunja, kwa hiyo walipanda bajaji, ambayo mtu anaingia na kukaa wima.

Hawakumaliza mita mia. Bajaji ilianza kuruka kama imekanyaga matofali. Mama hakulia. Aliuma ncha ya mtandio, akafumba macho, jasho likamtoka juu ya mdomo, na vidole vyake vikabana goti la binti yake mpaka likauma.

"We dereva, unapita wapi? Barabara si imetengenezwa hii!"

"Imetengenezwa ya wenye magari, dada," dereva alijibu bila kugeuka. "Mimi nina gurudumu moja mbele, katikati. Nikiwahi ule mstari laini kwa la nyuma, la mbele linakula vinundu. Nimeshavunja springi mbili."

"Mstari laini upi?"

"Ipo miwili. Angalia vizuri."

Alimfikisha mama kliniki, akamkalisha kwenye foleni, akamwachia dereva nauli ya kumrudisha nyumbani, akaenda ofisini kuchukua rula ya alumini ya mita tatu. Saa saba, jua la utosi, alipiga magoti barabarani na kuilaza ile rula kuvuka lami. Palikuwa na mifereji miwili iliyosagwa kwa mashine, upana wa hatua moja ya mguu, laini kama sakafu ya benki. Kushoto, kulia na katikati yake lami ilikuwa ileile ya kwanza, haijaguswa, ila imepakwa utandu mwembamba mweusi wa kuziba macho ya watu. Akapima kutoka mstari mweupe. Mita moja kamili. Vilikuwa vijiko vyake.

Alipoinua mkono, kiganja kilikuwa cheusi, kinanata na kunuka. Rangi ile haikuwa hata imekauka. Kilichomkera si uchafu tu. Watu wazima walikaa wakapanga, wakaleta mashine, wakasaga kilomita tatu kwa uangalifu mkubwa kuliko waliotumia kuijenga barabara yenyewe, ili tu wasiijenge. Wangetumia nusu ya akili hiyo kufanya kazi!

Sukari alikuwa kwenye kontena lake la ofisi, anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti.

"Shemeji! Karibu, karibu. Chai?"

"Umesaga mistari miwili."

Hakushtuka hata kidogo. Aliitazama ile njiti, akaifuta kwenye suruali, akairudisha mdomoni. "Tumesaga panapopimwa. Mtihani si mtu anasomea maswali? Mashine yako mwenyewe imesema moja nukta sita. Mimi nimeongeza nini hapo?"

"Na mama? Unajua leo amekuwaje kwenye ile bajaji?"

"Mama ni mgonjwa, shemeji. Mgonjwa hata umlaze juu ya pamba atalalamika."

Maneno hayo aliyasema kwa sauti yake ileile tamu, aliyoitumia kuomba mchuzi. Kisha akainama mbele. "Halafu ukianza kufukua, utaandika na aliyetuambia macho yanapita wapi? Sisi ni familia. Saini, yaishe."

Alitoka akaubamiza mlango nyuma yake. Jioni mdogo wake akapiga simu akilia. "Dada, unataka mume wangu afukuzwe? Watoto nitawaambia nini?" Alimwacha alie, akamwambia anampenda, akakata.

Alhamisi asubuhi alipita tena na gari la kupimia. Safari hii alivunja utaratibu, akasogea mpaka tairi za kushoto zikakaribia kuukanyaga mstari mweupe, na lile jicho la kulia likatembea katikati kabisa, palepale pa gurudumu la bajaji. Jicho hilo lilisoma nne kasorobo, ileile ya mwanzo, haijapungua hata chembe. Akaandika kwamba barabara haijapita, ifumuliwe upana wote. Chini akaongeza: "Mkandarasi alijua macho yanapita wapi. Nilimwambia mimi."

Mkuu wake alisoma mara mbili. "Huu mstari wa mwisho unaweza kukutoa kazini."

"Uache hapohapo," alisema.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa mama yake. Alimkuta ameketi kwenye kiti kigumu, bahasha kubwa ya hospitali mapajani.

"Mama, ile barabara haijapita. Walinidanganya, na mimi nikakudanganya wewe."

Mama akainua uso.

"Kwa hiyo ni barabara?"

"Ni barabara."

"Maana uliniambia imekuwa kama kitanda." Mama alizungumza taratibu, kama anayejifunza jambo. "Kila nikiumia nikasema, basi ni mgongo wangu unaoharibika. Hata jana yule dereva alipolalamika, nilidhani ni maneno ya madereva tu. Nikamwambia daktari mfupa umekataa kuunga. Wewe nisingeweza kukwambia, ulikuwa umefurahi sana."

Alitoa karatasi kwenye bahasha. "Jana uliponiacha kliniki nimekubali kupasuliwa tena. Nimeshaweka dole gumba."

Mama Mtikisiko aliipokea kwa mkono ambao ulikuwa bado haujatakata. Tarehe ya upasuaji ilikuwa Jumatatu.

"Inuka, mama. Twende sasa hivi tukamweleze daktari."

Mama hakuinuka. Alishika kingo za kiti kwa mikono miwili.

"Nenda wewe," alisema. "Mimi kwenye hiyo barabara yenu sipandi tena."