Pumzi Nyuma ya Mgongo

Jasho lilimtiririka Ayuen usoni, likadondoka juu ya kipara cha mwanasesere wa plastiki aliyelazwa mezani. Darasa zima liliona. Wengine waliinamisha vichwa wasije wakacheka. Wengine wakageukia dirisha, ambako jua la Lodwar lilikuwa limekwisha kuyafanya mabati ya chuo cha uuguzi yaanze kualika kwa joto. Kijana alikuwa ameshika barakoa ndogo ya mpira kwa mkono wa kushoto na mfuko wa hewa kwa mkono wa kulia, sawasawa kama alivyofundishwa. Ila hakuubonyeza.

"Mtoto wako hapumui," alisema Mwalimu Asekon. "Umemkausha, umemsugua mgongo, bado amelegea. Unangoja nini?"

Ayuen aliutazama mfuko.

"Dakika ya kwanza ndiyo yake. Ikishapita, kila pumzi unayochelewesha inamla ubongo."

Vidole vya Ayuen vilianza kutetemeka. Alipobonyeza hatimaye, barakoa iliteleza na hewa ikachomoka pembeni, fyuu, kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Ndipo Asekon alipofanya alilolifanya siku zote: alimpokonya. Alikiinua kidevu cha mwanasesere kidogo tu, kama cha mtu anayenusa harufu ya mvua, akaifunika barakoa puani na mdomoni, akabonyeza. Kifua cha plastiki kikapanda.

"Puliza, mbili, tatu. Puliza, mbili, tatu. Mmeona?"

Waliona. Siku zote waliona.

Kabla ya kushika chaki, Asekon alikuwa mkunga. Watoto aliowapokea Kalokol na Kaaleng sasa walikuwa na ndevu, na wengine walimsimamisha njiani wakamsalimu kwa Kiturkana, "Ejok, mama," asiwakumbuke. Hakuiogopa damu, wala hakukiogopa kilio cha uzazi. Alichokiogopa ni mikono isiyokuwa yake. Mwanasesere hafi, utamkosea asubuhi nzima, naye atakutazama kwa macho yaleyale. Lakini kila mwaka chuo kilitoa vijana wakatawanyika mpaka kwenye zahanati za mpakani, huko Nadapal na mbele yake, ambako hapakuwa na Asekon wa kumpokonya mtu kitu. Siku ya mahafali, wenzake walipotazama nyuso za wahitimu, yeye alitazama mikono.

Alasiri ile Ayuen alimfuata barazani.

"Mwalimu, samahani. Si kwamba sijui."

"Najua unajua. Mtihani wa maandishi ulinionyesha. Kwa hiyo ni nini?"

Kijana aliangalia viatu vyake. Alikuwa Mdinka mrefu, aliyezaliwa na kulelewa katika kambi ya Kakuma, na urefu wake ulimfanya aonekane kama mtu anayeomba radhi kila anapoinama.

"Mdogo wangu alizaliwa nyumbani," alisema. "Mvua ilikuwa imenyesha milimani, laga, ule mto wa msimu, imejaa, gari haliwezi kuvuka. Akatoka kimya. Wanawake wakasema Mungu amemchukua, wakamfunika shuka. Mimi nilikuwa mlangoni, mdogo tu. Nikaona mguu umesogea."

Asekon aliketi kwenye ukingo wa baraza.

"Niliwaambia, mguu umesogea. Wakanifukuza nje. Nilipokuja kusoma hapa, ukatufundisha kwamba wengine wanahitaji kupuliziwa tu..." Alishindwa kuendelea. "Sasa nikishika ile barakoa, naona ule mguu."

Mwalimu alijipangusa chaki iliyobaki vidoleni. Alisema tu, "Wodi za wazee zipo, na za mifupa zipo. Nikitaka, naweza kukuondoa kwenye kundi linalokwenda mazoezini Kakuma, kwenye wodi ya uzazi."

"Hapana, mwalimu. Nataka kwenda."

"Na hofu?"

"Nitaenda nayo."

Asekon alirudi nyumbani akiwa hana raha. Usingizini aliona mikono mirefu myeusi ikitetemeka, na hakuweza kuifikia.

*

Wiki iliyofuata alikuwa nao Kakuma, Ayuen na Helen, katika kituo cha afya chenye wodi ndogo ya uzazi na pazia la kijani lililofifia. Helen ndiye aliyekuwa nyota ya darasa. Binti huyu alikuwa na mikono imara na akili ya haraka, na Asekon alikuwa amekwisha kupanga kimoyomoyo: kukitokea jambo, Helen kwa mtoto, Ayuen kwa kushika taa na kuleta vifaa. Mipango ya namna hiyo humpa mtu usingizi, lakini haimlindi.

Asubuhi ya siku ya tatu, mkunga wa zamu, Lokorio, aliondoka na gari la wagonjwa akimsindikiza mama mwingine hospitali ya Lodwar. Vumbi la gari halijatulia, Sabrin akaanza kusukuma.

Sabrin alikuwa mke wa mwenye malori, Msomali, na hii ilikuwa mimba yake ya kwanza kufika mwisho. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake. Mama mkwe wake, Nafiso, alikaa nje ya pazia akivuta tasbihi. Kila Sabrin alipopiga yowe, naye aliitikia kwa dua.

Mtoto alitoka na kiungamwana kimemzunguka shingo mara mbili. Asekon alikifungua, akakikata, akamweka mtoto juu ya kitambaa kikavu. Alikuwa wa kiume. Alikuwa na rangi ya majivu mabichi, na mikono yake ilianguka pande mbili kama ya mtu aliyekata tamaa.

"Helen, mkaushe. Msugue mgongo."

Helen alisugua. Mtoto hakulia.

Wakati uleule Asekon alisikia kitu alichokifahamu kabla hajakiona: maji yanayodondoka sakafuni, ambayo si maji. Alifunua shuka. Damu ya Sabrin ilikuwa ikimwagika kama mfereji uliovunjwa kingo. Kondo la nyuma lilikuwa limetoka, lakini mfuko wa uzazi ulikuwa laini kama unga uliozidishwa maji. Alimdunga sindano ya kuukaza, akaukanda tumboni kwa nguvu zake zote. Haukukaza.

"Helen! Kimbia kwa daktari, mwambie mama anavuja damu. Pitia maabara, waandae damu. Kimbia!"

Helen alikuwa mlangoni kabla Asekon hajaona alichokifanya yeye mwenyewe. Alikuwa amemtuma mkono wake wa kulia. Chumbani sasa mlikuwa na mama anayekufa, mtoto asiyepumua, yeye, na Ayuen.

Kulikuwa na njia moja iliyobaki: mkono mmoja ndani, umekunjwa ngumi, mwingine juu ya tumbo, kuubana mfuko wa uzazi katikati mpaka daktari afike. Mtu akishauanza ubanaji huo hauachi. Akiuacha, mama anakwenda. Asekon aliuanza. Na kwa kuuanza, ilimbidi ageuke. Meza ya mtoto ikabaki nyuma ya mgongo wake.

"Ayuen," alisema, na sauti ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Ni wako."

Hakusikia kitu.

"Ayuen!"

"Niko, mwalimu."

"Barakoa. Anza sasa."

Alisikia mpira ukigusa ngozi, na mfuko ukibonyezwa. Kisha akausikia ule mlio. Fyuu. Hewa ilikuwa ikichomoka pembeni.

Mwili wake wote ulitaka kugeuka. Mabega yalianza kujipinda yenyewe, kama yalivyojipinda darasani mara zisizo na idadi, na damu ya moto ikamchuruzika hadi kiwikoni. Alikaza tena ngumi. Sabrin alikuwa amefumba macho, midomo yake imekuwa myeupe. Hofu ilimpanda Asekon kutoka miguuni, hofu ambayo hakuwahi kuionja katika miaka yake yote ya ukunga: ya kujua hasa kinachotakiwa, na kukisikia kikikosewa hatua chache nyuma yako, na kutokuwa na mkono wa kunyoosha.

Fyuu.

"Haipandi, mwalimu. Kifua hakipandi." Sauti ya Ayuen ilikuwa karibu na kilio. "Siwezi. Njoo wewe."

"Siwezi kuja."

"Mwalimu, tafadhali—"

"Nikija, mama yake atakufa. Nisikilize. Hakuna mtu mwingine anayekuja kwa huyo mtoto. Toa barakoa."

Mpira ulibanduka kwenye ngozi.

"Nimetoa."

"Kichwa kimeinama au kimerudi nyuma sana?"

"Kimeinama."

"Kinyooshe. Kidogo tu. Kama ananusa kitu. Mdomoni kuna ute?"

"Uko."

"Ufute. Sasa barakoa, anzia kidevuni, kisha ilaze mpaka puani. Usimkandamize. Vuta taya lije kwenye barakoa, usipeleke barakoa kwenye taya. Umeshika?"

"Mikono inatetemeka."

"Hata yangu," alisema Asekon, na ilikuwa kweli. "Acha itetemeke. Bonyeza."

Aliusikiliza mfuko ukitoa hewa. Safari hii hakukuwa na fyuu. Kulikuwa na pumzi fupi, iliyozibwa, kama mtu anayepuliza ndani ya chupa.

"Kimepanda!"

"Usiniambie. Endelea. Hesabu, nisikie."

"Puliza... mbili... tatu. Puliza... mbili... tatu."

Nje ya pazia, Nafiso alikuwa amesimama. "Mtoto iko wapi?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Sista, mbona haina sauti?"

Hakuna aliyemjibu. Aliusikia mdundo wa Ayuen, na pengine hakujua ni wa nini, lakini dua yake iliukuta mdundo huo na kuanza kwenda nao. Puliza, mbili, tatu. Ya Rabbi, ya Rabbi. Asekon alibana na kusikiliza. Vidole vya mkono wake wa ndani vilikuwa vimekufa ganzi. Hakujua muda gani umepita. Mara moja Ayuen alikosa hesabu, na katika ule ukimya ngumi ya mwalimu ilijikaza zaidi. Kisha akaanza tena, polepole, kama mtu aliyejikwaa akainuka.

"Gusa kitovu," alisema Asekon. "Kinadunda?"

"Kinadunda. Kwa mbali."

"Usiache."

Puliza. Mbili. Tatu.

Kisha kukawa na sauti isiyokuwa ya Ayuen wala ya mfuko. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama kikohozi cha mbuzi mchanga, kikavu, cha hasira. Kimya. Kikaja kingine.

"Mwalimu," Ayuen alinong'ona. "Mguu."

Asekon hakugeuka. Chini ya kiganja chake cha nje, polepole sana, mfuko wa uzazi ulikuwa umeanza kuwa mgumu.

Daktari aliingia mbio akiwa na Helen na mfuko wa damu uliofungwa kwenye kitambaa. Walimshika Asekon mabega, wakamtoa taratibu, na mikono mingine ikachukua nafasi ya yake. Alipopata kugeuka hatimaye, alimwona Ayuen amepiga magoti, uso wake usawa wa meza, akimtazama mtoto aliyekuwa akipumua kwa kasi, mbavu zikiingia ndani kila pumzi. Rangi ilikuwa imemrudi kifuani. Midomo bado ilikuwa na ubuluu.

"Hajavuka hatari," daktari alisema baada ya kumsikiliza kifua. "Wala mama hajavuka. Tutaona mpaka jioni."

*

Asekon alitoka nyuma ya jengo, kwenye bomba. Upepo ulikuwa ukipeperusha mchanga, na jua la saa sita lilisimama kichwani. Alijaribu kuzungusha koki, vidole vilikataa. Alijaribu tena. Damu ilikuwa imekaukia kwenye mikunjo ya viganja, na mikono hiyo, aliyoiamini kuliko kitu chochote duniani, ilikuwa ikitetemeka kama ya mtu mwenye homa.

Mkono mrefu ulipita pembeni yake ukafungua maji.

Walinawa pamoja.

"Anapumua?" aliuliza Asekon.

"Alikuwa anapumua nilipotoka. Helen yuko naye."

"Ulimwacha?"

"Helen aliniambia niende nikanywe maji, mwalimu. Nilikuwa naanguka." Alijipangusa mikono kwenye suruali. "Hofu haikutoka. Nilidhani ikifika siku yenyewe itatoka."

Asekon alimgusa bega. Kiganja kikaacha alama ya maji kwenye shati.

"Rudi," alisema. "Mtazame mbavu. Zikichoka, uniite."

"Na wewe?"

"Nakuja."

Ayuen aliondoka kwa hatua ndefu, kisha akakimbia. Asekon alibaki ameinama juu ya maji yanayokwenda bure mchangani. Mle ndani mlikuwa na wodi tatu, na akina mama wengi, na watoto wa jana na wa juzi. Alifunga koki ili asikie vizuri.

Mtoto alilia. Sauti ilikuwa nyembamba, ikakatika, ikaanza upya. Hakujua kama ni yule, au ni mwingine. Alisimama mikono ikimdondoka maji, akasikiliza mpaka ilipokatika tena, kisha akaanza kutembea kuelekea kule ilikotoka.