Pampu ya Joto ya Mzee Aulis

Aulis Kärkkäinen alikuwa ameshapiga hesabu zake kabla binti yake hajavua viatu. Karatasi aliiweka mezani, karibu na birika la kahawa, kisha akajifanya anatazama theluji dirishani.

"Hailipi," alisema.

Outi alikuwa ameendesha gari saa moja na nusu kutoka mji wa Kuopio kwa ajili ya karatasi hiyo. Fundi alikuja Jumanne, akapima kuta, akataja bei: pampu ya joto, ile inayovuta joto la hewa ya nje hata kwenye baridi kali na kulipuliza ndani, yuro elfu mbili na mia nne pamoja na kuifunga. Bega la mzee lilikuwa limepasuliwa mwezi wa Mei. Jikoni aliwasha kuni, na vyumbani alitumia hita za umeme ambazo bili yake ilimtisha Outi. Bila pampu, angelazimika kuhamia fletini mjini, na hilo Aulis hakutaka hata kulisikia.

Outi akasoma. Baba yake alikuwa karani wa kiwanda cha mbao kwa miaka thelathini, na hesabu zake hazikuwa na mchezo. Pampu ingeokoa yuro mia nne na themanini kila mwaka. Mara nne, elfu moja mia tisa na ishirini. Hasara: mia nne na themanini.

"Hesabu iko sawa. Ila mbona umezidisha mara nne?"

"Ni miaka minne."

"Fundi kasema inadumu kumi na mitano."

"Pampu, ndiyo."

Outi akaweka kikombe chini. "Hiyo minne umeitoa wapi, baba?"

"Bandani. Kunywa kahawa, inapoa."

Huko kwao mtu hupasua kuni miaka miwili mapema ili zikauke, na mwenye kujiheshimu huwa na akiba zaidi. Jirani akipita, hulitazama banda la kuni kwanza ndipo akusalimie. Kila theluji ilipoyeyuka Aulis aliongeza kuni za mwaka mmoja, tangu siku alipooa. Mwaka huu msumeno haukulia, na Outi akadhani ni bega tu.

"Kwa hiyo umeacha kukata, ukahesabu zilizobaki?"

"Zinatosha miaka minne. Mitano nikivaa soksi mbili mbili."

"Halafu?"

Aulis akajikatia mkate mtamu wa iliki. "Halafu haitakuwa shida yangu tena."

Outi alishikwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga. Mtu mzima na akili zake alikuwa amejipangia mwisho kwa kuhesabu magogo, kisha akaandika vizuri kwa penseli kana kwamba ni shehena ya mbao. Akainyakua penseli ile, akakata nne, akaandika kumi na tano.

"Elfu saba na mia mbili. Toa bei ya pampu, unabaki na elfu nne na mia nane."

"Una wazimu wewe. Nitakuwa na miaka tisini na nne."

"Utakuwa mzee mwenye miguu ya moto."

"Andika sita."

"Kumi na minne."

Outi hakuwahi kumsikia baba yake akipatana bei. Kwao kitu hununuliwa kwa bei iliyotajwa au huachwa.

"Minane," alisema Aulis. "Baba yangu hakufika hata themanini na tano."

"Babu alikuwa akivuta pakiti mbili kwa siku. Kumi na mitatu."

"Kumi, na hapo unanionea."

"Kumi na miwili." Outi akaiweka penseli mezani. "Baba, mama nimeshamzika. Kwa miaka minne siko tayari. Siko tayari kabisa."

Aulis akaivuta karatasi taratibu, akaandika kumi na mbili, akazidisha, akatoa. Zikabaki elfu tatu mia tatu na sitini. Akatoa tena upya, maana macho yalikuwa yamemjaa maji na tarakimu hazikuonekana vizuri.

"Inalipa," alisema.

Kisha akampigia fundi simu, siku ile ile ya Jumapili, jambo ambalo kwao ni utovu wa adabu. Akamwomba radhi kwa usumbufu, akamuuliza kama Alhamisi ana nafasi.