Nani Amekwenda kwa Bibi?

Simu ilipoita, Mama Pindo alikuwa na pini mbili midomoni, anakunja upindo wa sketi ya shule. Jina hilo alipewa na wateja. Walisema nguo aliyoishona inaweza kuchakaa ikawa tambara la deki, lakini upindo wake utabaki pale pale. Alizitema pini kiganjani akapokea.

Alikuwa Dereva, mwenyekiti wa zamani wa chama chao. Baada ya kuugua alichukuliwa na binti yake, akahamia kwake mji wa mbali, na ndipo wanachama walipomsukumia Mama Pindo uenyekiti. Walisalimiana kwa kirefu. Mzee akamuuliza anauonaje uongozi, naye akajibu kwamba kofia aliyoachiwa ni kubwa, inamfunika hadi macho. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Halafu akauliza habari za Bibi Mkunga, kama mguu umepungua uvimbe.

"Hajambo," Mama Pindo akajibu.

Alijibu vile kama mtu anavyojibu salamu, bila kufikiri. Neno lilikwishatoka ndipo alipojiuliza amelitoa wapi.

"Umemwona lini?" Dereva akauliza.

"Mimi sijapata nafasi, Mzee. Ila wenzangu wanakwenda."

"Nani?"

Mama Pindo akacheka kidogo. Katika chama chao, Mkono Kimya, swali hilo haliulizwi, na aliyewafundisha hivyo ni huyu huyu Dereva. Chama chao kilikuwa cha watu wa kawaida wa mtaa mmoja: fundi wa kushona, mchomeleaji, mwalimu, kinyozi, wauza duka. Walizibua mitaro, walitengeneza madawati yaliyovunjika, na zaidi ya yote waliwatembelea watu wasioweza kutoka ndani. Lakini kila mtu alitenda lake na kufunga mdomo. Wema ukitangazwa, walisema, thawabu yake imekwishaliwa. Mtu akiteleza kwenye kikao akasema "mimi nilimpelekea fulani dawa," siku hiyo vikombe vyote vya chai vilikuwa vyake kuosha. Walikuwa wanaipenda sana desturi hiyo. Iliwafanya wajione tofauti na wale wanaotoa ndoo moja na kupigwa picha kumi.

Dereva hakucheka. Sauti yake ilishuka.

"Mwanangu, sikiliza. Mimi nilikuwa nawafuata nyuma. Kila jioni nilipita nyumba zote. Nikikuta mmoja wenu amekwishafika, narudi zangu. Nikikuta hajafika mtu, naingia mimi. Ulikuwa hujui?"

"Sikujua."

"Ungejuaje," mzee akasema polepole. "Sikumwambia mtu."

Mama Pindo akakata simu. Akampigia Bibi Mkunga. Simu ikaita, ikaita, ikakatika. Alijipa moyo kwamba bibi yule hana adabu na simu. Huiacha chini ya mto na kusema wanaompigia waje wamwone uso kwa uso. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikachoka.

Bibi Mkunga aliishi peke yake ghorofa ya juu kabisa, katika jengo ambalo wapangaji wengine walihama mvua zilipoanza kuvujisha dari. Alikuwa na kisukari na mguu mmoja usiomtii. Nusu ya vijana wa mtaa ule walitokea mikononi mwake, na bado aliwatambua kwa vilio vyao vya kwanza. "Wewe ulizaliwa ukinuna," humwambia mtu mwenye ndevu. Na tangu mvua zile zianze, chama kizima kilikuwa bondeni kikihamisha magodoro na kuchota maji majumbani mwa watu. Mama Pindo mwenyewe alirudi kila siku akiwa hoi, anaanguka kitandani na kumshukuru Mungu kwamba wapo wenzake wanaomwangalia bibi.

Alisimama akaitazama mashine yake bila kuiona. "Ee Mungu," alisema, akarudia hilo hilo.

Kikao kilikuwa mchana huo, darasa la shule waliloazimwa. Angeweza kukimbilia kwa bibi moja kwa moja, na baadaye alijilaumu kwa kutofanya hivyo. Lakini darasa lilikuwa njiani, na hofu ina ujanja wake: ilimnong'oneza kwamba huenda mmoja wao ametoka kule sasa hivi, na yeye atakwenda kujiaibisha bure. Tena alikuwa na woga mwingine mdogo aliouonea haya. Mwalimu, katibu wao, alikaa chamani miaka mingi kumpita, na wapo waliotaka yeye ndiye awe mwenyekiti. Kiongozi mpya aingie na kuvunja desturi ya kwanza kabisa?

Aliwakuta wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni, wanachekana matope yaliyowakauka miguuni. Mchomeleaji, waliyemwita Cheche, alimwona akiingia akasema mwenyekiti leo ana uso wa mtu aliyekata kitambaa cha harusi kwa kipimo cha mazishi. Wote wakacheka.

"Nani amekwenda kwa Bibi Mkunga?" Mama Pindo akauliza.

Kicheko kikakatika. Watu wakainamisha macho, mmoja akajifanya anafuta matope kwenye kiatu. Mwalimu akatabasamu kwa upole, tabasamu la kumstahi mtu aliyesahau.

"Mwenyekiti, sisi hatuulizani hivyo."

"Najua. Naomba leo niulize."

Kimya. Mama Pindo akawapitia mmoja mmoja kwa macho, na hapo ndipo hofu ilipomshika barabara, ikamwingia hadi kwenye mifupa. Kwa maana aliwatazama watu wenye haya ya unyenyekevu, wasiotaka kujisifu. Nao, kama hawakwenda, wangeonekana vivyo hivyo. Kimya cha aliyetenda na kimya cha asiyetenda vilikuwa na sura moja. Kwa miaka yote hakuna aliyeweza kuvitofautisha isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa akipita nyuma yao jioni.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mama Pindo aliusikia mshindo huo kifuani mwake.

"Basi nisiulize aliyekwenda," akasema. "Asijisifu mtu. Ambaye hajakwenda kwa bibi tangu mvua zianze, anyanyue mkono."

Akaunyanyua wake kwanza.

Cheche akaufuata, huku akijieleza kwamba alikuwa bondeni, wote wanajua. Kinyozi akanyanyua. Wale wauza duka wawili wakatazamana, kila mmoja akishangaa mkono wa mwenzake. Mikono ikaendelea kupanda polepole, kama darasa la watoto wanaojua jibu na kuliogopa. Wa mwisho alikuwa Mwalimu. Alivua miwani kwanza, akaishika, ndipo akainua mkono, na midomo yake ilikuwa imepauka.

"Nilidhani wewe," akamwambia kinyozi.

"Na mimi nilidhani wewe," kinyozi akajibu.

Hakuna aliyefunga kikao. Walitoka wakigongana mlangoni, watu wazima, wakakimbia barabarani na matope yao. Mwenye duka la mkabala aliuliza kuna moto wapi, asijibiwe. Mama Pindo alikimbia akiomba, na ombi lake halikuwa na mpangilio. Bwana, nisimkute. Hapana, Bwana, nimkute. Asiwe amekufa kwa kutungoja sisi. Alijua kwamba analoliomba limekwishakuwa au halikuwa, lipo nyuma ya mlango ule, wala mbio zake hazitalibadilisha. Akaomba hivyo hivyo.

Ngazi zilikuwa zinanuka unyevu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Aligonga, akaita, akaweka sikio. Alisikia maji yakidondoka mahali fulani ndani, tone kwa tone, basi.

"Sogeeni," Cheche akasema. Hakuwa na utani tena. Akaokota nondo iliyoachwa ngazini, akaichomeka kwenye bawaba, akauegemea kwa bega, na mlango ukang'oka mzima.

Wanaume wakasimama pale kizingitini. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mama Pindo naye hakutaka. Kila kiungo chake kilimwambia geuka. Akaingia.

Bibi alikuwa sakafuni kati ya kitanda na jiko, amelala ubavu, mkono umenyooshwa kuelekea kwenye mtungi uliopinduka. Fimbo yake ilikuwa karibu na ukuta. Mguu ule mbaya ulikuwa na rangi ambayo Mama Pindo hakutaka kuitazama. Akapiga magoti, akaweka kiganja mbele ya pua ya bibi, lakini mkono wake ulitetemeka mno hata asijue kama anahisi pumzi au anahisi damu yake mwenyewe.

"Mwalimu, miwani yako."

Mwalimu akampa. Mama Pindo akakisogeza kioo kwenye midomo iliyopasuka, akangoja. Kioo kikabaki kikavu, safi. Akangoja. Nyuma yake mtu mmoja alianza kulia. Kisha pembeni mwa kioo pakatokea ukungu mdogo usiozidi ukucha, ukafutika, ukarudi.

Walimshusha juu ya ule mlango uliong'olewa, wakiwa wamemfunga kwa mashuka asiporomoke ngazini.

Hospitalini daktari, dada mwenye haraka, aliuliza mgonjwa alikula lini mara ya mwisho na alijichoma sindano yake ya kisukari lini. Akauliza nani anamhudumia.

"Sisi sote," akasema Mwalimu.

"Sote ndio nani? Nataka mtu mmoja anijibu."

Mama Pindo akasogea mbele. Akasema ni yeye kiongozi wao, hajui mgonjwa alikula lini, hajui dawa ilichomwa lini, na hakuna kati yao anayejua. Kila neno lilimtoka kama jino. Daktari alimtazama, akaacha alichotaka kusema, akarudi ndani. Kabla ya mlango kufungwa aliwaonya kwamba mguu ule huenda usiokolewe, na kuhusu mwenyewe wangoje kwanza.

Hapo kwenye benchi ndipo Mama Pindo alipokumbuka nyumba nyingine. Kijana kipofu wa nyuma ya soko. Mama wa mapacha aliyejifungua kwa upasuaji. Akawasimamisha wote, akataka kila mmoja ataje kwa sauti jina lake na nyumba anayokwenda sasa hivi. Mwalimu ndiye aliyetangulia: "Mimi, kwa mama wa mapacha." Alitamka lile neno "mimi" kwa shida, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Wakatawanyika. Habari zikaanza kurudi kwa simu: kijana yupo, mzima, ila ana njaa; mama na mapacha wake wapo, wote watatu, naye anatusuta. Kila habari Mama Pindo aliipokea amefumba macho.

Jua lilikuwa linazama alipoitwa ndani. Bibi Mkunga alikuwa amefumbua macho, mpira wa maji umechomekwa mkononi. Uso wake ulikuwa umesinyaa, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Niligonga ukuta kwa fimbo," akasema. Sauti ilikuwa kama karatasi inayokunjwa. "Kisha nikaacha. Nikasema, nina watu wangu, watakuja."

Mama Pindo akamvutia shuka mabegani.

"Zamu ilikuwa ya nani?" Bibi akauliza.

"Haikuwa ya mtu, Bibi. Kila mtu alimdhania mwenzake."

Bibi akafumba macho, na Mama Pindo akaogopa tena, akainama kuangalia kifua kama kinapanda. Kilikuwa kinapanda.

"Na kesho?"

"Kesho ni mimi. Asubuhi. Na kesho kutwa ni Cheche, nimemwandikia zamu."

"Huyo Cheche alikuja duniani akipiga kelele," bibi akasema bila kufumbua macho. "Mwambie aje. Lakini wewe uje kwanza, nikuone."

Mama Pindo akasema ndiyo. Akavuta kiti karibu na kitanda, akakaa, akihesabu pumzi za bibi.