Upande wa Kasha

Rubinem alipofika sokoni na jicho limevimba kwa mara ya tatu tangu Idi, muuza tempe, vile vipande vya soya, hakumuuliza kitu. Alimwongezea kipande kimoja kimya kimya, kama anavyohurumiwa mke anayepigwa. Hilo lilimuuma Rubinem kuliko jicho lenyewe. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa mumewe hakuwahi kumwinulia mkono, na sasa hata kijiko cha uji hawezi kukiinua bila kujimwagia kifuani.

Mumewe, Ki Wignyo, alikuwa dalang, na mji mzima wa Klaten ulimjua. Alikuwa akikaa usiku kucha mbele ya pazia, akichezesha vikaragosi vya ngozi na kumpa kila mmoja sauti yake, mfalme na jitu, binti na mlevi. Kushoto kwake palikuwa na kasha la mbao, na kasha hilo alikuwa akiligonga kwa kigongo mkononi na kingine katikati ya vidole vya mguu, kuwapa wapigaji ala amri: anzeni, kazeni, nyamazeni. Nyuma yake alikaa Rubinem na gender, ala yake ya vibao vya shaba. Watazamaji walimpenda dalang kwa macho. Rubinem alimpenda kwa masikio.

Kisha ukaja ugonjwa wa kutetemeka. Ulianza na kidole, ukapanda mkono, ukaingia kwenye mwendo, na mwisho ukaichukua sauti. Ulibaki mnong'ono tu, pikipiki ikipita barabarani husikii kitu.

Lakini kuna jambo ambalo Rubinem hakumwambia mtu kwa miaka miwili. Karibu na alfajiri, mumewe akiwa usingizini fofofo, sauti ilikuwa ikirudi. Ilirudi nzima, na mikono haikutetemeka hata kidogo. Alikuwa akinguruma kama jitu, akimbembeleza binti, akitania mpaka Rubinem anaziba mdomo asicheke kwa nguvu. Na mkono na mguu vilikuwa vikigonga kasha. Kasha lenyewe liko stoo, limefunikwa turubai. Kushoto kwa Ki Wignyo kitandani yuko mkewe. Hata mwenyewe, akiamka, alikuwa hakumbuki lolote, na Rubinem hakumwambia. Alikuwa mchoyo wa sauti ile, wala hakuona haya.

Titis, binti yao anayefundisha shule Yogyakarta, alikuja kuwaona akalikuta jicho limevimba.

"Mama, nani kakufanya hivi?"

"Kabati."

"Kabati gani linapiga watu kila wiki? Mficha maradhi, Mama, kilio humuumbua."

"Kilio kipi? Umenisikia nikilia?"

Titis alilala pale usiku ule, akajionea mwenyewe, na asubuhi akakodi gari kwenda hospitali.

Walimlaza Ki Wignyo usiku mmoja, nyaya kichwani, kidevuni na miguuni. Kulipokucha Dokta Wening, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, aliwaita kwenye kioo cha kompyuta.

"Bu Rubinem, tunapoota, ubongo unatoa amri kama kawaida: kimbia, piga, sema. Ila huku chini, karibu na shingo, kuna kama komeo. Linaifunga misuli, tunatulia. Komeo la Mbah, mzee wetu, limeharibika."

"Na sauti? Mbona akiwa macho hana, akilala anayo?"

"Hilo bado tunalitafuta. Huenda akiota, amri inapita njia nyingine, haigusi pale palipoharibika. Yote hatuyajui, Bu, nisikudanganye."

Rubinem akasogea, akaweka kidole kwenye mstari wa mguu. "Hapa umeandika nini?"

"Mateke."

"Si mateke haya. Hapa anawaambia waanze. Hapa wakaze. Na hapa, ona, pamenyooka. Anasubiri."

Daktari akavua miwani. "Anamsubiri nani?"

"Mimi. Ndipo gender inapoingia."

Titis aligeuza uso dirishani. Daktari akavaa tena miwani, akasema lililombidi. Kulala mbalimbali kungemwokoa mama, si baba. Jana tu alijirusha, wakamdaka ukingoni mwa kitanda. Akianguka siku moja akavunjika nyonga, hatainuka tena kitandani. Kulikuwa na kidonge, nusu tu kabla ya kulala, na wengi hutulia.

"Na sauti itabaki?"

"Ikitulia miguu, na sauti mara nyingi hutulia. Sina namna ya kuvitenganisha. Pole, Bu."

Siku tisa pakiti ya vidonge ilikaa chini ya kitambaa cha gender. Titis akipiga simu, "Mama, anameza?" Rubinem alijibu, "Anameza," na kweli alikuwa akimeza, chai. Kila usiku alipanga mito ukutani, kisha akalala upande uleule wa kushoto. Usiku wa nane Ki Wignyo alijirusha juu ya mkewe, akadondoka sakafuni na mto wake. Hakuumia. Rubinem ndiye aliyetetemeka mpaka asubuhi, na kwa mara ya kwanza akajichukia. Akajiambia kuwa sauti ile si yake. Ina mwenyewe.

Usiku wa tisa akairekodi kwa simu. Asubuhi, baada ya uji, akamwekea sikioni.

Ki Wignyo alisikiliza amefumba macho. Machozi yalimtoka mapema, lakini midomo ilikuwa ikifuata maneno.

"Ni mimi huyo?" akanong'ona.

"Ni wewe. Kila usiku."

"Hapo nimeruka mstari."

"Umeruka miwili. Nilinyamaza nisikuaibishe."

Akacheka kicheko kisicho na mlio. Simuni mguu ukagonga, mara mbili, mara tatu, kisha likafuata pigo moja zito na sauti ya mwanamke: "Aduh!"

Kicheko kikakatika. "Rudisha."

Akarudisha. Aduh.

"Kilio hicho hakimo kwenye mchezo," Ki Wignyo alisema. Alimtazama mkewe jicho, taratibu, kama anayesoma. "Uliniambia kabati."

"Kabati nalo lilikuwepo."

"Nem. Hospitali walinipa dawa. Iko wapi?"

"Baba Titis, ukiimeza sitakusikia tena."

"Nimekupiga miaka miwili, wewe unanipigia makofi."

Rubinem akalia, akalia kweli, uso kwenye goti la mumewe, na mkono unaotetemeka ukamgonga gonga kichwani usiotaka wala usioweza kutulia. Jioni alifunua kitambaa cha gender akampa nusu kidonge. Nusu ya chai ilimwagikia shati. Akamfuta, akambadilisha, akamlaza.

Akalala kushoto, upande wa kasha.

Karibu na alfajiri aliamka mwenyewe kama alivyozoea. Ki Wignyo alikuwa amelala chali, mikono kifuani, anapumua sawasawa. Rubinem alingoja jitu, akamngoja binti, akamngoja hata mlevi. Katika maisha yao yote hakuna mpigaji aliyewahi kumgongea dalang. Ni dalang anayegonga. Alinyoosha mkono, akagonga ubao wa kitanda mara mbili, taratibu, ile ya kuanza. Akasubiri, kama alivyokuwa akisubiriwa yeye.

Ki Wignyo akageukia ukutani, akaendelea kulala vizuri.